Sauti ya Fundi Vioo wa Belleville

Honorine Blavet alipiga pasi maisha yake yote. Alianza akiwa binti mwembamba wa kuzungushiwa kamba ya aproni mara mbili kiunoni, akaendelea mpaka mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Akichekeshwa alikuwa anauinua huo mkono na kusema ndio mahari yote aliyompelekea mumewe, maana kwetu mahari hutoka kwa mke. Aliishi Belleville, juu kabisa kwenye mlima wa Paris, ghorofa ya mwisho ya nyumba ambayo ngazi zake zilikuwa zinawatoa jasho hata polisi. Mtaa wenyewe haukuwa na siri. Kuta zilikuwa nyembamba na madirisha yalitazamana, kwa hiyo ukikorofishana na mumeo asubuhi, kufika mchana muuza maziwa anakuuliza kama mmeshapatana.

Mumewe, Anselme, alikuwa fundi vioo wa kutembea. Alibeba vioo mgongoni kwenye fremu ya mbao na kupita mtaa kwa mtaa akinadi: "Viooo! Fundi viooo!" Wanadi wengine walikuwa wanaimba. Anselme hakuimba. Sauti yake ilianzia chini kabisa, kwenye koo la mvuta tumbaku, ikipanda inakwama katikati, unadhani imekatika, halafu inachomoka upande wa pili nyembamba na kali. Wageni waliusikia ukelele huo wakashtuka. Sisi wa mtaani tulikuwa tunausikia bila kuusikiliza, na hilo ndilo kosa letu, maana vitu vya kila siku ndivyo tunavyovipoteza kwanza.

Jioni, akikaribia nyumbani, alipiga ukelele mmoja wa mwisho ambao haukuwa wa kazi, maana nani abadilishe kioo watu wakiwa mezani? Huo ulikuwa wa Honorine. Hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu, na mtoto Mungu hakuwapa. Walikuwa na ukelele huo tu, na mke akiusikia anaweka supu motoni, mume akifika ghorofani anaikuta ya moto na analalamika kwamba imemuunguza ulimi.

Vuli moja watengeneza filamu wakaja. Zama zile ndio ulikuwa mtindo: filamu moja, hadithi tano, waongozaji watano. Kila mmoja anapika chungu chake, halafu vyungu vyote vinamiminwa kwenye sahani moja. Watu walizipenda filamu za namna hiyo, maana hadithi ikikuchosha unavumilia kidogo tu, inakuja nyingine. Hadithi ya tatu ilipewa kijana mmoja aitwaye Thibaut Kermorin, mwembamba, skafu shingoni, uso wa mtu asiyekumbuka kula. Alikuwa mkahawani kwa Barnabé siku Anselme alipopita akinadi. Alitoka mbio barabarani kitambaa cha mezani kikiwa bado kifuani.

"Mzee! Mzee, hebu rudia!"

"Nirudie nini? Una kioo kilichovunjika au huna?"

"Sina, lakini sauti yako mzee, sauti yako..."

"Basi kakivunje kwanza, halafu uniite."

Barnabé, mwenye mkahawa, alicheka mpaka akashika kaunta. Lakini yule kijana hakuondoka. Alitembea na Anselme mchana kutwa akimsihi, na alipomwona hatikisiki, akamfuata Honorine kule kwenye dobi alikopiga pasi, akamweleza hadithi yake mbele ya wapiga pasi wote. Mume na mke wanagombana, mke anarusha sahani, inapita dirishani. Fundi vioo anaitwa. Anapanda, anaweka kioo kipya, na huku anafanya kazi anawaambia mambo mawili matatu ya ndoa, na mpaka anamaliza wale wawili wameshashikana mikono. Basi. Hadithi ndiyo hiyo.

"Na Anselme ndiye awafundishe watu ndoa?" aliuliza Zélie, mpiga pasi wa meza ya pili, mwanamke mwenye mdomo kama cherehani. "Shoga, si hata harusini alichelewa?"

"Alikuwa na kazi," alisema Honorine.

"Alikuwa na konyagi."

"Alikuwa na vyote viwili. Njoo jioni, kijana, nitazungumza naye."

Alizungumza naye, na Anselme akakubali kwa kunung'unika, kama alivyokubali kila jambo alilolitaka. Wakapiga picha za filamu mtaani kwetu. Wanawake wa dobi walitoka na aproni zao kutazama. Kila mtu aliiona ile maiki iliyoning'inizwa kwenye ufito mrefu juu ya kofia ya Anselme, na kila mtu alimwona mzee mmoja mpole aitwaye Evrard, mwenye kuvaa visikilizio masikioni, akikunja uso kila lori la makaa lilipoyumba juu ya mawe ya barabara. Anselme alinadi, alipanda ngazi, aliweka kioo, alisema maneno yake. Mara mbili alisahau akasema ya kwake mwenyewe, na ya kwake yakawa bora.

Siku ya mwisho Kermorin alimshika mkono. "Mwezi wa pili tutakuita tena, mzee. Utakuja kusema tena kila kitu."

Anselme alirudi nyumbani kichwa kikubwa. Aliwatangazia Barnabé na wenzake kwamba amepata filamu ya pili, kwamba kuna watu wanaozaliwa na sanaa na watu wasiozaliwa nayo. Honorine alimuuliza, "Utasema tena nini, na umeshasema?" Akamjibu kwamba mambo ya sanaa si ya wapiga pasi. Wote wawili hawakujua maana ya maneno yale, na hapakuwa na mtu wa kuwaeleza.

Mwezi wa pili haukumkuta. Januari ile baridi ilikuwa ya kuvunja mabomba, na madirisha yalipasuka kila mahali. Anselme hakuwahi kupata kazi nyingi namna ile, akatembea siku nzima na kikohozi kifuani, akisema atapumzika hali ya hewa ikitulia. Homa ya mapafu ilimwahi. Hospitali alikaa muda mfupi, na siku za mwisho sauti haikutoka kabisa, alikuwa anapeperusha vidole tu. Tulimzika kwenye udongo mgumu hata wachimba makaburi walikuwa wanatukana.

Honorine alijikaza. Alirudi kwenye pasi mapema kuliko ilivyopasa, na tulisema, masikini, bora hivyo, kazi inasahaulisha. Hatukujua kwamba kusahau ndiko alikokuwa anakuogopa. Mumewe alikuwa naye kwa kila kitu kingine: alikuwa na picha ya harusi, alikuwa na kofia, alikuwa na harufu ya mafuta ya kitani ya kubandikia vioo kwenye mikono ya koti. Lakini jioni moja, katikati ya mashati, alitaka kuusikia ule ukelele kichwani mwake kama alivyokuwa anausikia kila siku, akapata maneno bila sauti. Alijaribu tena. Aliweka pasi pembeni, akafumba macho. Mwanzo wa chini aliupata. Pale inapokwama, pakapotea.

"Zélie," alisema, "siisikii."

"Husikii nini?"

"Sauti yake. Jana nilikuwa nayo nusu. Leo haipo."

Zélie, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, alikosa neno. Kisha akalipata, na laiti asingelipata. "We Honorine! Si ipo kwenye filamu? Si tuliiona maiki kwa macho yetu? Iko kwenye kopo huko, wameifungia, haiozi. Ikitoka tunaenda, unakaa hapo mbele, unamsikiliza mpaka unamchoka, kama zamani."

Basi Honorine akaishi kwa hilo. Masika ikapita, kiangazi kikapita na watu wakaenda pwani na kurudi. Hakuhangaika tena kuitafuta sauti kichwani, akaona heri asiichokoze, ataikuta nzima. Alipoulizwa hali alikuwa anajibu, "Nangoja filamu," na watu walidhani anatania.

Filamu ilikuja vuli, kwenye sinema ya mtaa wetu. Tulienda kundi zima: Zélie na hereni zake, Barnabé aliyefunga mkahawa Jumapili jioni kwa mara ya kwanza tangu vita, na Honorine katikati, nywele zimetengenezwa, nguo aliyoivaa harusini kwa mpwa wake. Mwoneshaji viti alipomulika tochi Zélie alimwambia kwa sauti, "Huyu ni mke wa mwigizaji, mpe pazuri." Watu wakageuka. Honorine akaona haya, na akafurahi.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya mwalimu aliyempenda dereva wa treni. Hadithi ya pili ilikuwa ya kasisi na baiskeli. Honorine hakuiona hata moja, macho yalikuwa mbele na moyo ulikuwa unapiga mpaka Barnabé akahisi kiti kinatikisika. Kisha mtaa wetu ukatokea, mkubwa, mweusi na mweupe, na pale kwenye kona akatokea Anselme na vioo vyake mgongoni. Kofia ileile. Alitembea kama alivyokuwa anatembea, mguu wa kushoto ukijivuta kidogo. Akasimama, akainua kidevu, akafungua kinywa.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine.

Ilikuwa sauti nzuri, na hilo ndilo lililouma. Ilikuwa pana, ya tumboni, ya mtu wa kusini, wa huko penye jua na mizeituni, ikiyaviringisha maneno na kuyashusha taratibu kwa wimbo. "Viiioo-oo! Fundi viiioo-oo!" Ukumbi mzima ukacheka kwa furaha. Anselme akapanda ngazi, akaweka kioo, akawaambia wale wawili mambo ya ndoa, na kila neno lilitoka midomoni mwake kwa sauti ya yule mgeni. Ukumbi ulivunjika mbavu. Sisi wa Belleville tulikuwa kimya kama tumemwagiwa maji.

"Huyo siye," alisema Honorine. Hakupiga kelele, aliwaeleza tu watu, kama mtu anayeonyesha kwamba mzigo umepelekwa kwenye mlango usio wake. "Jamani, huyo siye."

"Nyamaza, bibi," alisema mtu wa nyuma, "tusikie."

Juma lile alishuka mlima, akapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mwisho wa njia, akaulizia nyumba ya filamu mpaka akaifikia. Kermorin alimpokea mwenyewe. Kijana alikuwa mwekundu kwa aibu kabla hata hajaulizwa.

"Bi Honorine, mimi nilimchagua kwa ajili ya sauti. Mungu shahidi yangu."

"Basi iko wapi?"

Akampeleka kwa Evrard, yule mzee wa visikilizio, kwenye chumba cha giza chenye pazia dogo jeupe. Evrard alimpa kiti na kumweleza polepole, kama daktari.

"Mama, sauti ya barabarani sisi hatuiweki kwenye filamu. Mawe, malori, pikipiki, huwezi kusikia kitu. Tunairekodi kwa kutuongoza tu, tujue midomo ilisema nini. Baadaye mwigizaji anakuja humu, anajitazama pale mbele, na anasema tena kila kitu upya. Hiyo ndiyo mnayoisikia."

"Kusema tena," alisema Honorine.

"Ndiyo, mama. Kusema tena. Tulituma mtu amwite mwezi wa pili, akaambiwa mlangoni kwenu kwamba... Pole sana. Ikabidi tumtafute mwingine, na mwenye filamu akataka mtu wa kusini. Anasema watu wakilipa kiingilio wanapenda kusikia jua."

Honorine alisogeza kiti karibu naye. "Hiyo ya kuwaongoza," alisema, "hiyo ya malori. Mimi malori hayanisumbui. Nipe hiyo."

Evrard alimtazama Kermorin, na Kermorin alitazama viatu vyake.

"Mama, tepu ni ghali. Tukimaliza nayo tunarekodia juu yake."

"Juu yake kuna nini?"

"Mama, haina maana..."

"Nauliza juu ya mume wangu mmeweka nini."

"Bata," alisema Evrard. "Hadithi ya nne ilikuwa na bwawa. Mwongozaji wake alitaka bata."

Ningependa kusema aliwatukana. Mimi ningewatukana. Lakini walikuwa watu wema, na mtu mwema ni mgumu kumtukana, unajikuta unamfariji wewe. Honorine aliwaambia hawakujua. Aliwaambia hadithi ni nzuri, watu wamecheka. Kermorin alitaka kumpa tiketi za bure na yeye akazipokea, maana kuzikataa kungemtia kijana uchungu zaidi. Kwenye treni ndipo alipojisahau, akapita kituo chake, akashukia mbele na kupanda mlima wote kwa miguu.

Zile tiketi alizitumia. Alienda peke yake na pamba masikioni, akakaa mbele, akamtazama Anselme akifungua na kufunga kinywa. Alidhani akimwona vizuri, bila yule mgeni, ile ya kweli itapanda yenyewe kutoka ilikojificha. Alienda tena, na tena. Lakini pamba haizuii ukumbi unaocheka, na alishajua kila kicheko kinakuja baada ya neno gani, na kila neno lina wimbo gani. Mwishowe hata bila kusikia alikuwa anasikia.

Filamu ilikaa mtaani kwetu majuma mengi kuliko tulivyotegemea, maana watu wa Belleville walipenda kujiona. Tulikasirika mwanzoni, halafu hasira ikachoka. Watu walianza kwenda na shemeji zao kuwaonyesha dirisha lao kwenye pazia la sinema. Watu walinadi vioo kwenye ngazi kwa utani.

Zélie ndiye aliyekuja na wazo. Alimwona shoga yake anakonda, akamwapia kwamba mtaa mzima umemsikia yule mzee kwa miaka na miaka, haiwezekani mtaa mzima ukose kuipata sauti ya mtu mmoja. Jumapili akamshika mkono, akamshusha kwa Barnabé, akamkalisha karibu na jiko na kumwekea glasi ya divai.

"Haya," alisema Zélie, "mwenye kumkumbuka Anselme aseme. Na asiyemkumbuka afunge domo."

Alianza Hippolyte, muuza nyama, mtu wa kifua kama pipa. Akanadi mpaka chupa zikalia.

"Huyo ni ng'ombe wako anakata roho," alisema Zélie. "Anselme alikuwa anaanzia chini."

"Nimeanzia chini!"

"Chini ya nini? Chini ya dari?"

Zélie akajaribu yeye. Alianzia chini vizuri, akakohoa katikati, akatoka na mlio ambao ulimfanya paka wa Barnabé aondoke. Watu walicheka, na Honorine alicheka nao, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kulikuwa na mabishano makubwa. Hippolyte alisema haikukwama katikati, ilikwama mwishoni. Zélie alisema Hippolyte alikuwa anasikia kwa mapaja. Kila aliyejaribu alikuwa na Anselme wake, na kila Anselme aliwakera wengine. Honorine aliwasikiliza wote kwa makini, kichwa kimeinama, kama mtu anayejaribisha funguo mlangoni, na kila mmoja alipomaliza alitikisa kichwa polepole na kusema, "Siyo. Asante, lakini siyo."

"Ngojeni," alisema Barnabé. Alikuwa hajajaribu bado. Alifuta mikono, akatoka nyuma ya kaunta, akasimama katikati ya mkahawa na kuvuta mguu wa kushoto kidogo kama Anselme. Akainua kidevu, akanadi.

Ilikuwa pana, ya tumboni, na ilishuka mwishoni taratibu kwa wimbo.

"Hiyo hapo!" alipiga kelele Hippolyte. "Hiyo ndiyo yenyewe! Nilikuwa nayo mdomoni!"

"Mungu wangu, ni yeye mtupu," alisema Zélie, mkono kifuani. "Nywele zimenisimama. Shoga, si ni yeye?"

Na Honorine alikuwa ameshainuka kitini. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, mwekundu, na macho yamejaa. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ni yeye. Hivyo hasa ndivyo alivyokuwa anakuja nyumbani."

Alisikia mwenyewe alichokisema. Alibaki amesimama, mkono umeshika ukingo wa meza, akarudi ndani ya kichwa chake kuitafuta sauti ile nyingine nyuma ya hii. Alimtafuta Anselme jioni kwenye ngazi, akamkuta, na Anselme akamwambia supu imemuunguza ulimi, kwa sauti ya mtu wa kusini. Alimtafuta siku ya harusi, akamsikia akisema ndiyo mbele ya kasisi, pana na tamu, na ukumbi ukacheka.

Machozi yakaanza kumtoka, na Barnabé, aliyedhani amemfurahisha, akajaza kifua pumzi akainadi tena.